Somoe Ahamisha Dago

Somoe alianza kufunga mizigo siku tatu kabla ya safari. Mchele aliutia kwenye kapu la ukindu. Chumvi aliitia kwenye kibuyu. Vyungu alivifunga kwa kamba za usumba ili visigongane. Binti yake Arafa, mwenye miaka minne, alikaa juu ya mikeka iliyokunjwa akauliza kama huko waendako kuna kuku.

Mumewe Mbaraka alikuwa mvuvi wa Chole. Kila mwaka, nguru walipojaa kaskazini, wavuvi kumi na wawili wa kijiji chao walihamia Ras Mkumbi kwa siku arobaini. Walijenga vibanda vya makuti karibu na ufuko. Walivua, wakapasua samaki na kuwakausha kuwa ng'onda huko huko. Kambi hiyo waliiita dago. Wanawake watano walikwenda nao, kupika na kupasua samaki.

Hii ilikuwa safari ya tatu ya Somoe. Mwaka wa kwanza alirudi na homa. Mwaka wa pili, mtoto wa mwenzake Mwanamkuu alihara siku nne, akafa. Walimzika nyuma ya vibanda. Makaburi mengine mawili madogo yalikuwapo hapo tangu zamani. Watu walikuwa na jina la ugonjwa ule. Waliuita tumbo la dago, na waliutaja kama mtu anavyotaja mvua.

Miaka yote miwili Arafa alibaki Chole kwa bibi yake. Sasa bibi alikuwa amefariki. Mtoto hakuwa na pa kubaki.

"Kwa nini tunalala pale pale kila mwaka?" Somoe alimuuliza mumewe mashua ilipokuwa njiani.

"Kisima kiko karibu," alisema Mbaraka. "Na Nahodha Hemedi amepazoea. Dago ni dhiki, mke wangu. Ni siku arobaini tu."

Walifika, wakajenga bondeni kama kawaida. Upepo haukufika pale. Mbu walikuwa wengi. Usiku wa tatu mvua ilinyesha, maji yakaingia vibandani, na asubuhi mikeka yote ilikuwa imelowa. Kuni zililowa pia, moto ukakataa kuwaka mpaka jua likapanda. Matumbo ya samaki yalitupwa hatua chache tu kutoka mekoni, na nzi walitoka huko wakatua kwenye wali.

Siku ya sita Arafa alianza kuhara.

Kufika adhuhuri macho yake yalikuwa yameingia ndani. Somoe alimpa maji, akayatapika. Mwanamkuu alikuja, akamtazama mtoto, akatoka nje. Mmoja wa wavuvi alipita mlangoni akasema, "Ah, tumbo la dago. Mungu atamwafu."

Somoe alikuwa bado amempakata mtoto alipofika mwanamke mmoja wa Bweni, kijiji cha jirani. Aliitwa Zafarani. Alikuwa mama mtu mzima, mrefu, mwenye nyayo ngumu. Mara kwa mara alileta muhogo dagoni akaubadilisha kwa samaki.

"Shikamoo, mama," alisema Somoe.

"Marahaba, mwanangu. Ana siku ngapi akihara huyu?"

"Tangu asubuhi."

Zafarani alitua kapu lake. Alibana ngozi ya tumbo la mtoto kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilirudi polepole.

"Maji yamemwisha mwilini," alisema. "Chukua mchele konzi moja. Upike uji mwepesi sana, utiririke kama maji. Tia chumvi kidogo, ile unayoishika kwa ncha za vidole vitatu. Onja. Isizidi chumvi ya machozi. Kisha mpe kijiko kimoja, ngoja kidogo, mpe kingine. Akitapika, ngoja, uanze tena. Usichoke."

Somoe alipika. Alimpa mtoto kijiko baada ya kijiko, mchana kutwa. Alasiri Arafa aliacha kutapika. Magharibi alikojoa, na Zafarani akatabasamu mara ya kwanza.

"Sasa niambie," alisema. "Maji ya kunywa mnateka wapi?"

"Kisimani hapo."

"Mnayachemsha?"

"Hapana."

"Na wanaume wakitaka kujisaidia wanakwenda wapi?"

Somoe alionyesha kichaka kwa mkono. Kilikuwa juu kidogo ya kisima.

"Twende tukaone," alisema Zafarani.

Walimwachia Mwanamkuu mtoto. Zafarani alisimama kichakani, akaonyesha kwa kidole mchirizi mdogo uliochimbwa na mvua ya juzi. Mchirizi ulishuka taratibu kati ya nyasi. Ulikwisha kwenye mdomo wa kisima.

Somoe aliufuata kwa macho mpaka kisimani.

"Kwa hiyo wale watoto watatu," alisema.

"Sikuwapo walipougua. Siwezi kuapa kilichowaua," alisema Zafarani. "Lakini maji haya nisingemnywesha hata mbuzi wangu."

"Wewe umeyajua wapi haya?"

"Nilichukuliwa utumwani nikiwa mdogo, nikatembezwa na misafara. Kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, na kurudi. Miaka kumi na saba nilipika kambini. Kila jioni pahali papya, watu mia mbili. Niliona kambi zilizozika watu na kambi zisizozika. Tofauti ilikuwa mambo madogo tu."

Asubuhi ya pili Somoe aliwafuata wanaume walipokuwa wakishona nyavu. Nahodha Hemedi alikuwa katikati yao. Alikuwa mzee mwenye sauti nzito, na hakuna aliyewahi kumpinga.

"Nahodha, shikamoo. Naomba tuhamishe dago, tupande kule juu. Kisima kinaingiwa na uchafu wetu wenyewe. Nimeuona mchirizi kwa macho yangu."

"Nani kakwambia?"

"Mama Zafarani wa Bweni."

Baadhi ya wanaume walicheka. Hemedi hakucheka.

"Yule mjakazi wa bara? Atufundishe sisi ufuko? Baba yangu alilala hapa. Mimi nimelala hapa miaka ishirini. Dago ni kuvumilia. Asiyeweza abaki nyumbani."

Somoe alimtazama mumewe. Mbaraka aliinamia wavu wake. Jambo hilo lilimuuma Somoe kuliko maneno ya mzee.

"Nahodha, wewe ni kama baba yangu na heshima yako naijua," alisema. Sauti yake haikupanda. "Wavu ukitoboka, mnaushona siku ile ile. Mashua ikivuja, hamlali mpaka mmeiziba. Hapa wamezikwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kutazama kisima. Mliona rahisi zaidi kuupa ugonjwa jina na kutuambia tuvumilie. Mwanangu hatavumilia. Mimi nahama leo. Chungu changu kitakaa kule juu. Anayetaka kula atapanda."

Aliondoka kabla hawajamjibu. Mwanamkuu, ambaye hakuwa amesema mengi tangu mwaka uliopita, alichukua chungu chake akamfuata. Wanawake wengine watatu walitazamana, nao wakachukua vyao.

Zafarani aliwangoja mwinukoni. Kwanza aliwaonyesha mstari wa majani makavu na takataka ambao bahari huacha wakati wa bamvua, maji yanapojaa kabisa. "Juu ya hapa maji hayafiki. Tafuteni mahali pa mteremko mdogo, penye upepo. Tazameni na juu pia. Msijenge chini ya mnazi. Nazi haina huruma."

Waligeuza migongo ya vibanda upande wa upepo. Walichimba mfereji mwembamba kuzunguka kila kibanda ili mvua ipite nje. Walikuwa wakihangaika na nguzo nzito Mbaraka alipotokea na shoka begani. Alikata miti mpaka alasiri. Kisha alimwendea mkewe.

"Nilipaswa kusema mbele yao," alisema.

"Ulipaswa," alisema Somoe. "Shika upande ule."

Pamoja walijenga uchaga, kitanda cha fito kilichoinuka hadi magotini. "Ardhi hunyonya joto la mwili," Zafarani alieleza. "Tandazeni majani makavu juu yake, kisha mkeka." Chini ya uchaga waliweka kuni na makumbi ya nazi, yasipate kulowa. Mchele na ng'onda waliviweka kwenye makapu, wakayaning'iniza kwa kamba. Kamba walizipaka mafuta ya nyonyo na majivu, na sisimizi wakashindwa kuteremka. Jioni walichoma makumbi mabichi kidogo mlangoni ili moshi uwafukuze mbu.

Kuhusu maji, Zafarani hakutaka mzaha. Aliwapeleka kwenye kisima kingine, mbali na vichaka vile. Ilikuwa mwendo wa kuchosha. Hata hivyo aliwaambia wayachemshe mpaka yatokote, kisha wayatie kwenye mtungi wenye kifuniko. "Mteke kwa kata yenye mpini mrefu. Mkono wa mtu usiingie mtungini, hata wa mtoto. Na kabla ya kula, kila mtu anawe kwa majivu na maji."

Choo walikichimba upande wa chini, mbali na visima vyote viwili, na pembeni waliweka rundo la mchanga wa kufukia kila mtu amalizapo. Matumbo ya samaki waliyafukia shimoni mbali na meko.

Wanaume walipanda kula jioni ile. Walinung'unika kuhusu kunawa, lakini Mwanamkuu alisimama mbele ya sinia na kopo la majivu, na hakumpisha mtu asiyenawa. Siku ya pili tangu kuhama, wawili walibaki kulala. Kufikia siku ya tano, bondeni palibaki kibanda kimoja tu, cha Hemedi.

Siku ya tisa mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. Vibanda vya juu vilibaki vikavu na moto uliwaka. Kulipopambazuka Hemedi alipanda mwinuko, mkeka wake ukichuruzika maji. Alinawa kwa majivu, akala. Baadaye alichukua jembe akachimba choo cha pili, peke yake, kwa sababu kile cha kwanza kilikuwa kimekaribia kujaa.

Arafa alipona. Alidhoofu kwa muda, kisha akaanza kukimbiza kaa ufukoni kama zamani. Hakuna mwingine aliyeugua tumbo mpaka siku arobaini za dago zilipokwisha. Ng'onda walikauka vizuri bila funza, kwa kuwa nzi walikuwa wachache.

Siku ya kurudi Chole, walipokuwa wakipakia mashua, alifika nahodha kijana aitwaye Abeid. Dago lake lilikuwa mbele kidogo ufukoni. Watu wake saba walikuwa wanahara, na alikuwa amesikia kwamba huku wote ni wazima.

"Mmefanyaje, Nahodha Hemedi?" aliuliza.

Hemedi alikohoa. "Mimi niliona kwamba pale bondeni hapafai tena," alisema. "Basi nikaamua tu—"

Somoe alitua kapu lake mchangani.

"Nahodha hakuona," alisema. "Sote hatukuona, na mimi nilikaa pale miaka miwili kimya. Aliyeona ni Bi Zafarani wa Bweni. Nyumba yake ni ya pili ukiupita msikiti. Nenda ukamwamkie kwanza, kwa adabu, kisha umweleze shida yako. Na leo hii chemsha maji. Wagonjwa wape uji mwepesi wenye chumvi, kidogo kidogo, usingoje kesho."

Wapakiaji wote waliacha kazi. Abeid alimtazama mzee, akingoja amkemee mwanamke huyu.

Hemedi alichezea ncha ya ndevu zake. Kisha aliinama chomboni, akatoa nguru mzima, mkubwa kuliko wote waliobaki, akamkabidhi Abeid.

"Ni kama alivyosema," alisema. "Na huyu mpelekee Bi Zafarani. Mwambie ametoka kwangu."