Amchukue Anayemtaka

Jua lilikuwa limebakiza shubiri moja kuigusa milima Marlys Tveit alipochukua kikapu kwenda kuokota kuni. Kwa miaka kumi na moja kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Orrin. Lakini Orrin alizikwa mwezi wa Aprili, kwao Dakota ya Kaskazini, ardhi ilipoyeyuka barafu kiasi cha kuchimbika, na moto wa jioni wa wazee wa kambi hauahirishwi kwa ajili ya msiba wa mtu.

Magari-nyumba yao manne yalikuwa yameegeshwa duara katika jangwa la Arizona, kama kila majira ya baridi. Kesho kutwa ilikuwa Krismasi. Mpungate mmoja wa miiba, wenye matawi mawili kama mikono, ulikuwa umevalishwa taa na kofia nyekundu, ukaonekana kama mtu aliyekamatwa akiiba zawadi.

"Usiende korongo la magharibi, shoga," Lavonne alimwambia. "Limeokotwa likaisha. Nenda korongo la mashariki, kuni zimejaa."

Lavonne Skaar alikuwa rafiki yake wa miaka yote hiyo kumi na moja. Alimkandia chapati za viazi siku ya mazishi, akalala naye kitanda kimoja wiki nzima ili asilale peke yake. Mumewe, Duane, alikuwa pembeni akipanga viti vya kukunja kuuzunguka moto ambao bado haujawashwa. Alikuwa fundi mstaafu, na viti alivipanga kama anayepimia reli.

Duane akakohoa. Vikohozi viwili vifupi, kimoja kirefu.

"Kifua kimekurudia?" Marlys akamuuliza.

"Vumbi tu," akajibu, bila kuinua macho.

Marlys akashika njia. Kikohozi kile alikifahamu. Mwaka jana daktari wa mjini alimwambia Duane asipange lolote baada ya Pasaka. Kisha asubuhi moja ya Februari Duane akaamka mzima, akapanda kilima akishangilia. Wiki ileile Orrin, ambaye hakuwahi kuvuta sigara hata ya kuonja, akaanza kukohoa. Viwili vifupi, kimoja kirefu. Madaktari watatu waliandika majina matatu ya ugonjwa, na cheti cha kifo kikachagua la nne.

Korongo la mashariki lilikuwa kavu, na kimya. Hata ndege wadogo wa jioni hawakuwamo. Marlys aliokota kijiti, akaokota kingine. Kuni zenyewe zilikuwa chache kuliko alivyoahidiwa.

Kisha akanusa mchanga uliolowa.

Mvua haikuwa imenyesha tangu Septemba.

Akainama kupita chini ya tawi la miiba, na hapo akayaona mawe. Yalikuwa yamepangwa mstari, yamelazwa kifudifudi. Mtu wa kambi ile hakuhitaji kuambiwa ni mawe gani. Kila mmoja wao alikuwa na jiwe lake, ukubwa wa mkate, limeandikwa jina kwa rangi nyeupe. Majira ya joto watu wanaporudi kaskazini, jiwe hubaki jangwani kuilinda nafasi ya mwenyewe, na hakuna mtu, hata walevi wa kambi ya pili, anayethubutu kuegesha penye jiwe la mwenzake. Lavonne ndiye aliyeyaandika yote. R zake huzifunga mkia kama wa paka.

Akalipindua la kwanza. VERLIN. Huyo walisema alirudi nyumbani mapema, mgongo ukimsumbua. La pili, GRETA. Naye pia alirudi mapema. Mapema sana, kumbe.

La tatu lilikuwa ORRIN. R mbili, mikia miwili.

Novemba, alipofika na kukuta jiwe la mumewe halipo, Lavonne alimkumbatia. "Niliona litakuumiza macho, shoga. Nimelihifadhi mahali pazuri."

Pazuri.

Kando ya la Orrin palikuwa na jiwe la nne, na chini yake mchanga ulikuwa mbichi, mweusi. Hakuhitaji kulipindua. Alilijua kwa ufa wake ubavuni. Asubuhi ileile alikuwa amelikanyaga akiingia ndani ya gari lake, maana alilitumia kama kipandio.

Akalipindua hata hivyo. MARLYS.

Ndipo korongo likasema.

Halikuita kwa sauti ya Orrin. Pengine hilo angelivumilia. Lilisema kwa sauti yake yeye, Marlys, na kicheko chake mwenyewe ndani yake...

"Amchukue anayemtaka."

Maneno yale aliyasema Januari, mbele ya moto, watu wote wakisikia. Orrin alikuwa amesinzia kitini akikoroma, na yeye akawachekesha: jamani, miaka arobaini na saba ya mkoromo huu, nimechoka, amchukue anayemtaka. Watu walicheka. Sasa akakumbuka kwamba Lavonne hakucheka. Lavonne aliuliza, taratibu, "Unasema kweli?" Na yeye, kwa utani, akaapa.

Mchanga ukasogea, kama kitu kinachojigeuza chini ya shuka.

"Afadhali ningemfuata."

Sauti ileile yake. Lakini hayo hakuyasema mbele ya moto. Aliyasema leo asubuhi, akikausha sahani, machozi yakimtoka, kwa mtu mmoja tu duniani.

Alikitupa kikapu. Akayabeba mawe mawili, lake na la Orrin, akayakumbatia kifuani, akapanda ukingo kwa magoti. Nyuma yake kitu kikakohoa. Hakugeuka.

Alipofika kambini jua lilikuwa limezama, lakini mwanga ulikuwepo bado. Moto ulikuwa unawaka. Kumbe kuni zilikuwapo.

Akavihesabu viti. Tangu Orrin afariki, watu wa duara lile walikuwa saba. Viti vilikuwa sita. Cha saba, chake, chenye kitambaa cha maua, kilikuwa kimekunjwa na kuegemezwa kwenye gurudumu la gari lake, kimefungwa kamba vizuri, kama kitu cha kupelekwa kwa warithi.

"Duane," akasema. "Kiti changu."

Duane akaangalia mikono yake. "Nilidhani umelala mapema."

Wengine wanne wakainamia vikombe vyao. Hakuna aliyeuliza kuni ziko wapi. Hakuna aliyeuliza yale mawe.

Lavonne akaja, akasimama karibu naye, akamnong'oneza kama mtu anayenyamazisha mtoto. "Shoga. Mimi na Duane tuna miaka tisa tu ya ndoa. Tisa. Wewe ulikuwa na arobaini na saba."

"Kwa hiyo ulinipunguzia."

"Sikukuibia. Korongo halichukui bila neno la mwenyewe. Ulisema."

"Nilikuwa natania, Lavonne."

"Na leo asubuhi? Ulikuwa unatania?"

Marlys akamtazama. Aliutafuta uso wa yule aliyelala naye wiki nzima, akauona palepale, haujabadilika hata kidogo. Hilo ndilo lililomuuma. Angetaka ubadilike.

"Wiki ile uliyolala kwangu," akasema, "ulikuwa unanifariji au unanisikiliza?"

Lavonne akanyoosha mkono polepole kuelekea kwenye jiwe lenye ufa. "Liache tu, shoga. Duane hatafika Pasaka."

"Basi asipange lolote."

Akaingia garini mwake na mawe yake. Hakukunja kivuli cha turubai cha ubavuni; akaondoa gari, akakiburuta mpaka kikakatika. Kiti cha maua akakiacha wakirithi.

Njia ya kutoka ilipita kwenye kibanda cha ofisi ya ardhi, na Bi Ochoa, afisa wa zamu, alikuwa akijiandaa kufunga. Serikali, ambayo haikujua jangwa lile lina nyoka wangapi, ilitaka kujua kwa hakika lina wastaafu wangapi. Aingiaye na atokaye hujaza fomu, nakala tatu. Novemba Marlys alikuwa ameandika, kwa mazoea, waliomo: 2. Bi Ochoa alimsahihisha kwa upole, ikawa 1, akamwomba atie sahihi kando ya kosa. Alilia juu ya zote tatu.

"Unatuacha kabla ya Krismasi, mama?" Bi Ochoa aliuliza dirishani, kalamu mkononi. "Sababu ya kuondoka? Kuna visanduku: hali ya hewa, afya, familia, nyinginezo."

"Nyinginezo."

"Mkishatia nyinginezo mnatakiwa kueleza." Akafikiri. "Nitaweka familia. Na waliomo..." Akainama, akachungulia upande wa pili wa kiti cha dereva. Akatabasamu kwa adabu. "Jioni njema, mzee."

Marlys hakugeuza shingo. Alivuta pumzi, akiitafuta harufu ya sabuni ya machungwa ambayo Orrin alinawia grisi maisha yake yote. Hata angeisikia kwa mbali tu, angesamehe mengi.

Haikuwepo. Palinuka mchanga uliolowa.

"Humu tuliandika mmoja," Bi Ochoa akasema, akifuta 1 na kuchora 2 safi. "Kosa letu, mama, samahani. Mwambie mzee afunge mkanda. Na hicho kifua akaangaliwe."

Maana kilikuwa kimekohoa. Viwili vifupi. Marlys akasubiri, akiomba kisije... kikaja kile kirefu.

"Tia sahihi hapa, kando ya sahihisho," Bi Ochoa akasema, akipitisha ubao dirishani. "Kuthibitisha kwamba ni kwa neno lako mwenyewe. Zote tatu, tafadhali. Ninafunga."

Kalamu ilikuwa tayari imo vidoleni mwa Marlys. Nyuma ya kibanda, barabara ya kaskazini ilikuwa nyeupe na tupu. Kando yake, mkanda wa kiti ukavutwa taratibu, ukalia: tak.

Marlys alikuwa ameshatia sahihi ya kwanza alipokumbuka kusoma.