Mwangwi wa Maurine

Saa ya chakula cha mchana, soko la Burma lilikuwa limejaa watu na moshi wa nyama. Kiti kimoja tu kilibaki. Maurine alikivuta, akakaa, ndipo alipoinua macho akamwona Muoki, fundi wa kompyuta wa Shauri Moyo, aliyekuwa mpenzi wake hadi alipomharibia albamu yake ya nyimbo.

"Niaje, mrembo."

"Usiniite mrembo. Kula uende."

Maurine alikuwa amevaa gauni la manjano na jaketi la jinzi, nywele zimesukwa upya. Muoki alimkazia macho hata akasahau ugali wake.

Januari, bila kumwuliza, Muoki aliiwekea kompyuta ya Maurine mfumo mpya ili iende kasi. Ilienda kasi kweli. Lakini ile programu ndogo ya mwangwi, iliyoipa sauti yake uzito katika kila wimbo, haikufunguka tena. Walioitengeneza walikuwa wameacha kuiuza, na mtambo wao wa kuthibitisha leseni ulikuwa umezimwa. Maurine alizunguka mtaani kwao Kayole, hadi Shauri Moyo, akitangaza kwamba Muoki ni fundi wa kubahatisha. Wateja wakamhama. Tangu hapo hawakusemezana.

"Nimepata njia," Muoki alisema. "Kabla ya kufunga, walioitengeneza ile programu waliwaachia wanunuzi faili ya kuifungua bila mtandao. Ila inataka mfumo wa zamani. Nitauweka kwenye diski ya pembeni, nisiguse kitu kingine."

"Hivyo ndivyo ulivyosema Januari?"

"Januari sikusema kitu."

"Hiyo ndiyo shida yako."

Hata hivyo Jumamosi Maurine alimpelekea kompyuta, maana kanisa lilikuwa linazingojea nyimbo za albamu hiyo. Kibandani kwa Muoki alikataa kuketi. Muoki aliwasha mfumo wa zamani, akaingiza namba ya leseni ya Maurine, akaifungua ile faili. Programu ikakubali. Sauti ya Maurine ikatoka kwenye spika, nzito, kama alivyoiimba. Alifumba macho. Mkono wake ukatua begani kwa Muoki.

Mara sauti ikakonda.

"Umefanya nini?"

"Nimepunguza mwangwi kidogo. Hivi ndiyo safi, bebi."

Mkono ukaondoka. "Rudisha."

"Sikiza kwanza."

"Ni sauti yangu, Muoki. Rudisha."

Alirudisha. Kisha akaigeuza kila sauti kuwa rekodi ya kawaida, isiyohitaji tena programu wala leseni. Maurine akafunga kompyuta yake, akatoka bila kuaga.

Jioni simu iliita akiwa anapika. Akaiacha ikakatika. Ikaita tena.

"Sema."

"Pole," Muoki alisema.

"Ya kompyuta?"

"Kompyuta haijanikasirikia. Pole kwa kukufanyia mambo yako bila kukuuliza. Lakini na wewe uliniharibia jina."

"Nilikuharibia. Na nilifurahia sana." Maurine akapunguza moto. "Nitawaambia watu wote ulivyoifungua ile programu."

"Nakupenda bado."

"Hilo sijakuuliza."

"Basi mimi nakuuliza. Naweza kuja kesho?"

Maurine alikoroga sufuria, akimsikia akipumua upande wa pili. Hasira ilikuwa bado ipo, na hakuwa na haja ya kuificha.

"Njoo," akasema. "Lakini usibebe bisibisi."