Mita Mbili za Kupita

Mama Pacha ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko barazani kwake. Mumewe ni seremala, kazi zake anazifanyia uani.

Mama Pacha alipoanza kushona, mtaa wao ulikuwa wa nyumba za kuishi tu. Ukitaka hata sindano, ulikwenda sokoni. Wateja wake walipoongezeka, jirani akafungua duka la vyombo. Mwingine akaleta viatu. Mtaa ukachangamka. Taa zikawaka barazani, na vibaka wakahama.

Lakini kila mmoja alisogea mbele kidogo. Mama Pacha alitoa nje sanamu ya kuvalisha magauni, isiyo na kichwa. Jirani akatoa masufuria. Muuza viatu naye hakukubali kubaki nyuma. Taratibu, njia ya waenda kwa miguu ikaisha.

Asubuhi moja, baba mkwe wa Mama Pacha alitoka kwenda kwa kinyozi. Wote humwita Babu. Alikuta njia imezibwa, akashuka barabarani na mkongojo wake. Pikipiki ikamparaza. Akaanguka na kuvunjika mkono.

Aliporudi kutoka hospitali, Mama Pacha alimwambia, "Pole, baba. Yule dereva hana adabu."

"Dereva hakuwa na pa kunikwepea, mkwe wangu," Babu alijibu. "Aliyenitoa njiani ni yule binti yako asiye na kichwa."

Mama Pacha alicheka huku machozi yakimtoka. Aliona haya sana.

Wiki hiyohiyo manispaa ikabandika tangazo. Baada ya siku kumi na nne, kila kilichozuia njia kingeondolewa.

"Tumekwisha!" alisema muuza viatu.

Wakaenda kwa Mama Ramani, jirani aliyefanya kazi ya kupima barabara mpaka akastaafu.

"Biashara si kosa," aliwaambia. "Nyinyi ndio mlioamsha mtaa huu. Kosa ni kuchukua njia ya watu."

"Sasa tufanyeje, dada?" aliuliza Mama Pacha.

"Acheni mita mbili wazi. Mwenye kiti cha magurudumu na mwenye mzigo wapishane bila kusukumana. Msiweke kitu juu ya mtaro, maji ya mvua yatawaingilia dukani. Kwenye kona pawe peupe, dereva amwone anayevuka. Kisha andikeni barua moja ya wote, mwende manispaa kabla wao hawajaja."

"Mita mbili!" muuza viatu alilalamika. "Nani ataviona viatu vyangu?"

"Leo mpita njia anatazama chini asijikwae. Mpe nafasi, atainua macho."

Mama Pacha alivua futi yake ya kupimia shingoni. Alianzia kwake. Nafasi ilikuwa nusu mita tu! Akaingiza sanamu ndani, kisha akapima mtaa mzima, mlango kwa mlango. Mumewe akatengeneza rafu nyembamba, ndefu, za kutundika ukutani. Walizibua mtaro, wakachora mstari mweupe. Vitu vyote vikakaa nyuma yake. Kisha wakapeleka barua yao.

Wapita njia walianza kusimama na kutazama. Muuza viatu aliuza mpaka akasahau kulalamika. Babu, mkono ukiwa bado kwenye plasta, alikwenda kwa kinyozi peke yake na kurudi kipara kinang'aa.

Siku ya kumi na nne, gari la manispaa lilifika. Maofisa walishuka, wakapima kutoka kona hadi kona. Hawakubeba hata sufuria moja. Wakawaidhinishia wote kufanya biashara hapo.

"Mmepanga vizuri," alisema ofisa mkuu. "Injinia wenu ni nani?"

Majirani wote waligeuka. Mama Pacha aliinuka kwenye cherehani, akasimama wima.

"Ni mimi," alisema. "Fundi wa nguo."

Ofisa akafungua daftari lake. "Basi, mama, tupe namba yako ya simu. Mtaa wa pili nao wanahitaji kupimiwa."