Kipande cha Ukuta wa Chiriku

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi wa friji, na kwa friji simtanii: hata ile ambayo wenyewe wameshaitupa, yeye huifufua ikagandisha barafu. Balaa lilianza aliponunua kamera ya mtumba. Watu wengine wakipata kamera huenda harusini wakajipatia chochote. Yeye akapiga majumba. Majumba matupu, yasiyocheka wala kusema asante.

Picha zake za kwanza zilikuwa kichekesho. Kila ghorofa liliegemea nyuma kama mlevi anayetafuta ukuta. Nikamuuliza, "Shemeji, hili jengo limekunywa nini?" Mdogo wangu akacheka mpaka akakaa chini. Lakini yule bwana king'ang'anizi. Akajiunga na kundi la wapiga picha kwenye simu, lenye mwalimu anayekosoa kila kitu, akaanza kujifunza. Akajua kurudi nyuma badala ya kuinua kamera juu. Akajua kungoja jua lipige ubavuni ili ukuta uonyeshe makovu yake. Yaliyomshinda barabarani akayamalizia mezani, kwenye kompyuta: kuta zilizopinda anazisimamisha wima, pembeni anakata, nyaya za umeme na mapipa ya taka anayafuta kana kwamba hayajawahi kuwapo. Majengo yakaanza kupendeza. Hapo nikanyamaza, maana sikutaka kumpa sifa.

Jumamosi moja asubuhi alitutoa matembezi, mimi na bintiye, ambaye sote tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mdogo wangu alibaki akifua. Tulikwenda hadi kwenye nyumba ya zamani nyuma ya stesheni, ya ghorofa, milango imepigiliwa mbao, rangi yake ya kijani imepauka. Ilikuwa na varanda ndefu na benchi la saruji. Kwenye benchi alikaa bibi kizee, mikono magotini, mgongo umegusana na ukuta.

"Shikamoo bibi," shemeji akasema. "Naomba nipige picha ya nyumba."

Hakuitikia. Alimtazama Chiriku kwanza, kisha shemeji, kwa uso wa mtu aliyeamshwa kwa teke.

"Nyumba piga," akasema. "Mimi usinitoe hapa."

"Nikutoe nikupeleke wapi, bibi?" Shemeji akacheka, nami nikacheka naye. Bibi hakucheka. Muda wote tuliokuwa pale sikumwona akipepesa macho.

Mchana huohuo shemeji aliketi mbele ya kompyuta, nami nikakaa kando yake nikimenya vitunguu. Alikuwa ameshainyoosha picha na kuituma kwenye kundi. Mwalimu wao akajibu: jengo safi, mwanga mzuri, ila huyo bibi anavuta jicho, mwondoe.

"Si alisema asitolewe?" nikamkumbusha.

"Dada, hii ni picha tu. Mwenyewe kakaa zake kwake."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akamfuta kuanzia kichwani, akishuka. Sasa, ukimfuta mtu kwenye picha unabaki na pengo, na pengo huzibwa kwa kipande unachonakili mahali pengine. Ukuta wa nyumba ile ulijaa nyufa na ukungu. Kila kipande alichobandika kilionekana kiraka cha suruali. Akasonya. Ndipo akakumbuka picha ya chumba cha Chiriku, alichokuwa amekipaka rangi ya kijani kwa mkono wake na kukipiga picha ili ajisifie. Akakata kipande cha ukuta ule, pale juu ya kitanda cha mtoto, akakififisha kidogo, akazibia nacho pengo la bibi. Kikakaa barabara. Akaihifadhi picha juu ya ileile ya mwanzo, na ya kwenye kamera akaifuta ili apate nafasi. Kundi zima likampongeza.

Kesho yake adhuhuri Chiriku alinifuata jikoni.

"Mama mkubwa, ukuta wangu unapumua."

Nikamwambia ukuta hauna mapafu, kacheze nje. Hakwenda. Alinishika sketi, na mkono wake ulikuwa baridi. Nikaenda kuangalia, kwa hasira zaidi kuliko kwa woga, nikaweka sikio ukutani juu ya kitanda chake. Jua lilikuwa kali nje. Upande wa pili wa ukuta ule ni uani, kamba ya nguo tu.

Kulikuwa na mtu. Alivuta pumzi, akaishusha. Kisha kucha zikakwaruza, taratibu, kutoka chini kwenda juu.

Nikamwita mdogo wangu. Akaja na mikono yenye povu, akaweka sikio pale nilipoweka mimi, na midomo yake ikapauka.

"Nani wewe?" akanong'ona.

"Pananibana," ukuta ukajibu.

Sauti niliijua. Nilitamani isiwe ile.

"Kanitoa kwangu," ikasema. "Nami nitatoa wa kwake."

Mdogo wangu alimnyakua mtoto akakimbia naye hadi uani. Mimi nilimfuata mumewe, nikamburuta hadi kwenye kompyuta, na ninakiri maneno niliyomtolea siwezi kuyarudia mbele ya watu. "Mrudishe! Mrudishe sasa hivi!" Akaifungua picha. Akatafuta njia ya kurudi nyuma, hatua kwa hatua, haikuwepo. Picha ya mwanzo ilikuwa imefunikwa na hii. Ya kwenye kamera aliifuta mwenyewe. Akajaribu kukibandua kile kipande kwa brashi. Chini yake hakukuwa na bibi. Kulikuwa na weusi tu. Na kila alipopitisha brashi, kutoka chumbani tulisikia mtu akipiga yowe.

Akaacha.

"Twende kule kwenye nyumba," nikasema. "Tukamwombe radhi."

Mdogo wangu tulimwacha uani na mtoto mapajani. Nikamwambia, "Usimwachie. Hata kidogo."

Benchi lilikuwa tupu. Ukutani nyuma yake, mahali bibi alipokuwa ameegemea, palikuwa na kijani kipya, laini, chenye umbo la mtu aliyekaa. Kuta nyingine zote zimechakaa. Shemeji akapapasa pale kwa vidole, vikasimama kwenye tundu dogo.

"Tundu la msumari wangu hili," akanong'ona. "Niliupigilia ukutani kwa Chiriku nikaung'oa."

Nyuma yetu akaja mlinzi wa maduka ya jirani, rungu mkononi, amefura.

"Nyie ndio wa kamera? Mmempeleka wapi?"

"Mzee, tumekuja kuomba..."

"Msiniombe mimi! Tangu niajiriwe hajanyanyuka hapo. Mvua yupo, jua yupo." Akageuka kulitazama benchi, na hasira ikamtoka usoni, ikabaki hofu. Akashusha sauti. "Hapo hapakai wazi. Aliyenipokeza lindo ndivyo alivyoniambia. Akiondoka yeye, atakaa mwingine."

Tulikimbia. Mimi na umri wangu, nilikimbia viatu mkononi. Shemeji alinitangulia, akilia kwa sauti barabarani, na watu wakatupisha.

Mdogo wangu alisimama uani, ameshika ndala za mtoto.

"Ameingia kunywa maji," akasema. "Sasa hivi tu, dada. Sasa hivi."

Jikoni hakuwepo. Sebuleni hakuwepo. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Shemeji akausukuma kwa bega.

Chiriku alikuwa kitandani. Amekaa. Mgongo umegusana na ukuta. Mikono magotini.

"Chiriku?"

Aliangalia magoti yake.

"Chiriku, mwanangu?"

Akainua uso. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mgeni anayeonyeshwa ndugu. Kisha akatabasamu.

"Ameondoka," akasema.

Nikaweka sikio ukutani. Hakuna pumzi. Hakuna kucha. Ukuta ulikuwa ukuta. Mdogo wangu akamkumbatia mtoto akalia kwa furaha, mumewe akapiga magoti akimshukuru Mungu, nami nikashukuru pamoja nao. Nilitaka sana kuamini. Mtu akitolewa shimoni haulizi kamba ni ya nani.

Maisha yakaendelea. Chiriku akala, akaenda shule, akarudi. Kelele zikaisha. Hakuuliza maswali, hakuimba chooni, hakunidai hadithi. Ukimwambia kaa, anakaa. Majirani wakamsifu, eti amekua, amepata adabu. Mimi adabu ile niliichukia. Nikapika kile anachokipenda, nikamtania, nikamwekea mtego wa maneno ambao zamani angeurukia kabla sijamaliza sentensi. Akanitazama tu akangoja nimalize.

Kisha siku moja, jioni jua bado lipo, mdogo wangu aliniita kutoka bafuni. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya chini, na nilivyoisikia nikaacha sufuria motoni.

Mtoto alisimama kwenye beseni, povu limemjaa. Mdogo wangu alimfuta bega la kulia kwa kiganja, akaniangalia nione.

Alama ya chanjo. Duara dogo, lenye kijimkunjo upande mmoja. Na pembeni yake, duara dogo, lenye kijimkunjo upande uleule. Ziko mbili. Ukubwa mmoja, umbo moja, hata kipele kilichokuwa chini ya ile ya kwanza kilikuwepo chini ya ya pili.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Aliona. Akashika ukingo wa mlango kama aliyepigwa.

"Ukiziba pengo kwa kunakili," akanong'ona, "usipokuwa makini, alama hujirudia."

"Pengo gani?" nikamuuliza. "Shemeji, pengo la nani?"

Alikwishatoka mbio kuelekea stesheni. Mpaka leo huko ndiko anakoshinda, ameacha friji za watu, amekaa chini mbele ya benchi tupu akiongea peke yake. Mlinzi anasema huwa anajibiwa, na anayemjibu ana sauti ya kitoto, haishiwi maneno.

Lakini jioni ile, bafuni, mdogo wangu alichukua taulo, akamfunika mtoto mabega yote mawili, akalikaza.

"Ni mwanangu," akaniambia kwa meno yaliyobana. "Umenisikia, dada? Usimwambie mtu yeyote. Huyu ni mwanangu."

Mtoto alinitazama juu ya bega la mama yake. Nikaitikia kwa kichwa. Siku ya chanjo nilimpakata mimi, akilia, nikimbembeleza. Alichomwa sindano moja.