Jerikeni Iliyoosha Swaib

"Mikono yako ndiyo iliua bwana yangu!" Namukose aliniambia hivyo siku ya dua ya Magid, mbele ya watu, sahani ya pilau iko mkononi. "Mama gani wewe? Ulimwachilia!"

Nikamjibu, "Nyamaza, we mtoto. Ulikuwa sokoni. Uliona nini?"

Juwairiya, kaa hapo. Kesho unapanda gari kwenda Mbale. Wacha nikuambie yote.

Unakumbuka Magid, mtoto yangu, alikuwa na ile sanduku ya glasi sebuleni, hapa hapa Bugembe. Ndani maji ya chumvi, samaki ya baharini rangi ya machungwa, na mawe ambayo ati iko hai. Alipenda ile samaki kuliko bibi yake Namukose. Alinifundisha: "Mama, joto inakunywa maji, chumvi inabaki. Chumvi ikizidi, wanakufa. Kila siku lazima niongeze maji isiyo na chumvi." Mashine ya kuongeza yenyewe, ya dukani Jinja, bei ilikuwa kali. Akaunda yake. Boya ya kunywesha kuku, mpira wa dripu ya hospitali, kapampu kadogo. Maji ikishuka, boya inashuka, pampu inavuta kutoka chini ya meza. Maji ikipanda, pampu inanyamaza.

"Kitu moja tu imebaki," akasema. "Jerikeni safi, dumu ya kukaa chini ya meza."

Wiki ile ile tukazika Swaib, kaka yake mkubwa, kule kijijini Wanale. Wezi walimpasua kichwa shambani. Ndivyo Magid alituambia, yeye ndiye alimkuta. Wanaume wakamwosha nyuma ya nyumba. Kwetu, jerikeni ya maji ya maiti inabaki pale pale, imepinduliwa, mpaka arobaini iishe. Haiingii nyumba ya mtu. Mimi nikaiona. Ya manjano, mpya, kifuniko kizima. Roho ikaniuma kuiacha. Nikaifunga na leso, nikapanda nayo gari kurudi hapa.

Magid hakujua imetoka wapi. Sikumwambia.

Jerikeni ya kumaliza siku tano ikaisha siku moja. Sanduku haikumwagika. Chini pakavu. Maji inaenda wapi? Siku ya tatu, samaki wote juu, tumbo nje. Na harufu... kafuri. Ile wanapaka maiti, na wengine wanaweka kwenye nguo kufukuza wadudu.

Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, nikabeba jerikeni kwenda bombani. Umeme ilikuwa imekatika tangu mchana. Narudi, nimeitwika kichwani, nasikia kitu sebuleni.

Sssrr... sssrr...

Pampu ilikuwa inavuta.

Mpira ulikuwa unaning'inia hewani. Jerikeni iko kichwani kwangu. Na maji ilikuwa inaingia.

"Mama, umeme imerudi?" Magid akanong'ona.

"Hapana."

"Sasa hii inavuta nini?" Akacheka kidogo, kicheko ya mtu anaogopa. Akakunja shati. Akaingiza mkono ashike boya.

Mkono haukutoka.

Nilisikia mfupa kabla hajalia. Ka! Kama muhogo ikivunjwa. Bega ikaingia. Kichwa ikaingia. Nikatupa jerikeni, nikamkumbatia miguu, navuta, naita Mungu. Na nikaona... vidole, Juwairiya. Nyeupe, imekunjamana kama ya mtu aliyeoshwa sana. Imeshika shingo ya mtoto yangu.

Akainua uso mara moja. Pua damu, meno ya mbele haiko. Hakuangalia mimi. Aliangalia ndani ya maji.

"Kaka, wacha! Wewe ndiye uliinua jembe kwanza!"

Jembe.

Sisi tuliambiwa wezi. Hakuna mtu alitaja jembe.

Ile mikono ikampiga uso kwa glasi. Tena. Tena. Mara ya nne glasi ikapasuka, kipande ikaingia shingoni mpaka nyuma. Maji ikatoka mpaka mlangoni, nyekundu, na ile samaki imekufa ikaelea juu ya miguu yangu.

Afande wa polisi alikuja, akapima sanduku na macho. "Mama, maji kidogo hii imevunja mkono ya mtu mzima?" Nikamwambia miguu ya Magid iliniteleza mikononi. Akafunga kitabu yake. Hakuandika kitu.

Namukose akahama, akapanga chumba Namakwekwe, huko Mbale. Akabeba vyombo vyote. Na jerikeni.

Jana mjukuu yangu Nabila, mtoto wake, alinipigia kwa simu ya jirani. "Jajja," akasema, "maji yetu ya kuoga inanukia dawa ya nguo. Na hata mama akimwaga, haiishi."

Nabila ana miaka sita. Ni damu ya Magid, hakuna ingine.

Nikipiga simu, Namukose anakata. Wewe, rafiki yake, atakusikiliza. Lakini usianze na jerikeni, atasema mzee anatafuta pa kutupa makosa. Anza na hii: siku ya dua alisema kweli. Mimi niliposikia jembe, mikono yangu ilifunguka. Miguu haikuteleza. Mikono ilifunguka yenyewe, na mimi sikuifunga.

Hiyo kwanza. Akimaliza kunitukana, ndiyo umwambie aimwage ile jerikeni nje, aipindue mbali, na mtoto asiiguse.

Haya, Juwairiya. Sema vile utamwambia, nisikie.