Dawa ya Tatu

Jumamosi, tarehe 15 Machi mwaka 2025, Dolphine aliamka mapema kama kawaida, akafagia ua wa nyumba yao huko Kyambogo, kisha akaingia jikoni. Alimkuta shangazi yake Moreen, aliyezoea kumwita Senge, akikwangua kipande cha mumbwa, ule udongo uliokandwa pamoja na majani ya dawa, na kuukorogea ndani ya chupa ya chai.

"Senge, mkunga alimkataza mama mumbwa!"

"Nyamaza! Uchungu umemshika tangu alfajiri. Huu utamharakishia. Ukimwambia, presha yake itapanda, na lawama itakuwa yako."

Dolphine aliogopa, akaenda kukunja nguo za mtoto. Mama yake, Nafuna, alikunywa kikombe kizima bila kujua, ndipo gari la jirani likawapeleka hospitalini, Dolphine akiwa amebeba chupa ile.

Kwa sababu ya presha aliyokuwa nayo Nafuna tangu ujauzito, daktari wa ganzi, Dokta Anena, aliitwa mapema.

"Mama, nitakuwekea mpira mwembamba mgongoni," alieleza. "Humo tutapitisha dawa mbili zilizochanganywa: moja ya ganzi, nyingine ya kutuliza maumivu. Kwa kuwa zinasaidiana, kila moja inatosha kidogo tu, nawe utaweza kusogeza miguu."

"Sindano ya mgongo! Baba Dolphine angekwisha kuruka dirishani," Nafuna alisema, na muuguzi akacheka.

"Je, umekunywa dawa nyingine leo? Hata ya kienyeji?"

"Hapana, dokta."

Shangazi aliinamisha macho. Dolphine aliikumbatia chupa ya chai, mikono ikimtetemeka. Akisema, presha itapanda. Asiposema, je? Nafuna alishika ukingo wa kitanda. Uchungu ulifuatana bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi.

"Mbona unakuja kwa kasi hivi?" muuguzi aliuliza, hacheki tena.

"Amekunywa, dokta!" Dolphine alipaza sauti. "Mumbwa umo ndani ya chai hii. Mama hakujua."

Dokta Anena aliiweka sindano chini. Moyo wa mtoto uliposikilizwa, ulikuwa ukipiga polepole mno. Haraka walimlaza Nafuna kwa ubavu, wakamtundikia maji, wakampa dawa ya kulegeza uchungu. Dolphine alijibanza ukutani, akihofu kwamba amechelewa.

Kisha muuguzi akashusha pumzi. "Unarudi. Sasa unapiga vizuri."

Hapo ndipo Nafuna alipowekewa zile dawa mbili. Jioni, mtoto wa kiume alilia kwa nguvu hata shangazi naye akalia.

"Nilitaka kumsaidia tu, dokta."

"Najua, dada," Dokta Anena alijibu, akamshika Dolphine bega. "Lakini zile dawa mbili nilizijua. Ya tatu mlinificha, na hiyo ndiyo ingetuponza. Mganga hutibu anachoambiwa. Mtoto huyu aliogopa, lakini alisema. Kusema kweli huku unatetemeka ndiko ushujaa."

Nawe uliyesoma habari hii, usiifungie kifuani. Mweleze mama, shangazi na jirani yako, kabla siku yao ya kujifungua haijafika.