Koili Nyekundu ya Opiyo

Kila alasiri alipotoka shule, Ngendo alitupa mkoba chini ya meza ya Tata Wamboi na kuanza kupepea jiko. Jiko hilo halikuwa la chai. Tata, dadake baba, alikuwa fundi wa redio hapa Kiganjo, Thika, na mwaka huo wa 1994 kibanda chake kilikuwa bado hakina stima. Chuma cha kulehemu alikipasha moto kwenye makaa.

"Kikitoka motoni, unafanya nini?" Tata aliuliza kila siku.

"Nakigusisha kitambaa chenye maji. Kikilia sana, nangoja."

"Na kikinong'ona?"

"Ndipo naunga waya."

Jumanne alikuja Opiyo, mpiga gitaa, amebeba pedali. Ukiikanyaga, gitaa hulia waa-waa kama mtoto mchanga. Ilikuwa mpya, ya bei ya chini.

"Fundi, hii kitu inalia kama mbu," alisema. "Ile yangu ya zamani ilikuwa inaongea kama mtu mzima. Ilikufa, lakini nilitoa hii." Akafungua karatasi. Ndani mlikuwa na koili nyekundu, ndogo kama kifungo cha koti, imezungushiwa waya mwembamba kama unywele. "Sina ingine. Jumamosi bendi moja ya Ruiru inanisikiliza. Wakinikataa, narudi kubeba magunia."

"Sauti ya zamani imekaa humu," Tata alisema, akiishika koili. "Nitaihamisha. Njoo Alhamisi."

Simeon, fundi wa saa wa kibanda cha pili, alichungulia. "Opiyo! Umepeleka muziki kwa mama? Atakurudishia chapati!"

Tata alicheka. Lakini Ngendo aliona vile mkono wake ulivyoikaza bisibisi.

Jumatano Tata aliitwa Ngoliba, kwa nyanya yake Ngendo, aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa ameshaifungua pedali na kutoa koili ya bei ya chini. "Usiguse," alimwambia Ngendo. "Kesho tutaunga pamoja, na wewe ndiye utashika chuma."

Kesho ilikuwa mbali. Ngendo alitaka Simeon aone kwamba hii si kazi ya chapati. Alichomoa chuma motoni, akanyoosha mkono kuchukua kitambaa.

"Haiya! Huyu naye anafua nguo?" Simeon alicheka.

Ngendo alikiacha kitambaa. Alikishusha chuma moja kwa moja kwenye mguu wa koili nyekundu, pale waya unapoishia. Moshi ulipanda. Plastiki ilikunjamana, na ule waya mwembamba ukaachana na mguu wake.

Simeon alikuwa amegeukia mteja, hakuona. Ngendo alirudisha koili ile ya bei ya chini, akaiunga vizuri kwa chuma kilichonong'ona, akakaza skrubu zote. Koili nyekundu aliitia mfukoni mwa sare yake.

Jioni Tata alirudi, macho mekundu kwa uchovu. "Nilikuambia ungoje," alisema alipoiona pedali imefungwa. Kisha akauliza, "Ulitumia kitambaa?"

"Ndiyo, Tata."

Tata hakuifungua pedali. Alimwamini. Hilo ndilo lililomnyima Ngendo usingizi.

Alhamisi Opiyo alichomeka gitaa kwenye spika ndogo ya betri ya gari. Akakanyaga. Mbu yule yule!

"Nilisema mimi!" Simeon alipiga makofi. "Chapati hiyo!"

Opiyo alikanyaga tena, taratibu, kama mtu anayeamsha mgonjwa. Kisha akaanza kukunja waya zake.

"Nisamehe, Opiyo," Tata alisema. "Nilikuambia sauti imekaa kwenye koili. Kumbe sijui kitu."

Ngendo alisikia maneno hayo yakimchoma kuliko chuma. Alitia mkono mfukoni.

"Tata, unajua. Koili nyekundu haimo. Iko hapa. Niliiunguza, halafu nikakudanganya."

Opiyo alikaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji, puu! Tata aliipokea koili.

"Iliungulia wapi?"

"Hapa mguuni. Sikutumia kitambaa. Simeon alikuwa ananicheka."

Tata aliweka koili chini ya lenzi. "Katikati ni nzima. Ni ncha tu imekatika." Kwa sindano alifungua mzunguko mmoja wa waya, akaukwangua kwa wembe. "Pepea."

Chuma kiliwaka. Ngendo alileta kitambaa. Tsssss! Wakangoja. Simeon akafungua mdomo.

"Wewe nyamaza," Opiyo alimwambia.

Chuma kilinong'ona. Tata aliifungua pedali, akatoa koili ya bei ya chini, akaiunga ile nyekundu, akafunga, akampa Opiyo. Alipokanyaga, gitaa liliongea: sauti nene, ya koo, kama mzee anayelalamika mlangoni. Opiyo alifumba macho. Mwenye duka la mkabala alitoka nje kusikiliza.

Jumapili habari zilifika kutoka Ruiru kwamba Opiyo amechukuliwa na ile bendi. Ngendo aliruka kwa furaha, kisha akakiangalia chuma.

"Hapana," Tata alisema. "Hadi muhula ujao wewe ni wa kupepea tu."

"Kwa sababu niliunguza?"

"Hata mimi nimeunguza, tena koili za watu wakubwa. Ni kwa sababu ya siku ile uliyokaa na koili mfukoni. Waya uliokatika naweza kuuunga, mradi nionyeshwe ulikokatikia. Kosa ni hivyo hivyo, mwanangu. Ukilificha, hakuna fundi wa kulitengeneza."

Ngendo alichukua upepeo na kuinamia jiko.